Ng'ombe Mahali pa Farasi: Lugha ya Uponyaji katika Riwaya ya Mapenzi ya Kikristo



Mwaka 1979 mwandishi wa Kanada, Janette Oke, alichapisha riwaya ya Love Comes Softly. Ni kisa cha mjane mjamzito anayeolewa na mgane mwenye binti mdogo, kwanza kwa sababu ya dhiki, baadaye kwa mapenzi. Mkondo huo wa riwaya ya Kikristo umezaa visa vingi vya mama anayelea peke yake katika nchi ya malisho, ambako farasi aliyejeruhiwa anajifunza upya kuuamini mkono wa binadamu. Farasi huyo ni kioo cha mama: akitulia yeye, moyo wa mama nao hutulia. Mhadhara huu unachunguza swali moja: kisa cha aina hiyo kikihamishiwa Bondeni, yaani Kyela na mwambao wa kaskazini wa Ziwa Nyasa, lugha itakipokeaje?

Farasi ni neno lenye asili ya Kiarabu, na kwa msomaji wa Bondeni ni mnyama wa kitabuni. Anamjua kwa magari ya Farao na kwa maono ya Ufunuo. Ni mnyama wa vita. Yesu mwenyewe aliingia Yerusalemu kwa mwana-punda. Aidha, magonjwa yanayoenezwa na mbung'o na usubi yamewazuia farasi wasistawi katika sehemu kubwa ya Afrika ya kitropiki. Mnyama anayeishi na watu katika nchi hii ya mpunga, migomba na kakao ni ng'ombe.

Hata hivyo, kumweka ng'ombe mahali pa farasi si kubadili jina tu. Godfrey na Monica Wilson, waliofanya utafiti miongoni mwa Wanyakyusa kati ya mwaka 1934 na 1938, walionyesha kuwa ng'ombe wa mahari ndio waliofunga ndoa na kuwaweka watoto katika ukoo wa baba. Ng'ombe walioletwa kwa ajili ya binti waliweza kumwoza kaka yake. Kwa mantiki hiyo, ng'ombe akiingia katika kisa cha mama asiyeolewa, haingii kama mgonjwa wa kubembelezwa. Anaingia na swali: mtoto huyu ni wa nani?

Kiswahili nacho kina hukumu yake. Kinamtaja mjane, mgane, mtalaka na yatima kwa neno mojamoja, lakini mwanamke aliyezaa bila kuolewa husemwa kwamba amezalia nyumbani. Kiambishi cha kutendea katika kitenzi zalia kinaelekeza macho mahali, na mahali penyewe, nyumbani, ambapo kwa kawaida ni pa faraja, hapa panakuwa shtaka: ni kwa baba yake, si kwa mume. Mtaani limezuka neno singo maza, ambalo lina unafuu wa ugeni, ingawa nalo hutumiwa kwa dhihaka. Mwandishi hana budi kuchagua, kwa kuwa neno litakalotumika katika ukurasa wa kwanza limekwisha kumhukumu au kumwachia mhusika wake.

Msamiati wa uponyaji unadai uangalifu uleule. Kuganga ni kitenzi cha Kibantu, na methali yasema yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Lakini Luka, katika Biblia ya Kiswahili, ni tabibu, wala si mganga. Kupona kuna maana mbili: aliyetoka katika ugonjwa amepona, na aliyenusurika katika ajali amepona pia, hata kama mguu umevunjika. Kuponywa kunahitaji mtendaji. Kati ya kupona na kuponywa ndipo riwaya ya Kikristo inaposimama. Euphrase Kezilahabi, katika Rosa Mistika ya mwaka 1971, alimwonyesha binti aliyelelewa chini ya ukali wa baba, na hakumpa kimojawapo. Riwaya inayoharakisha kuponya kwa arusi ina hatari ya upande mwingine: inasahau kwamba mama alikwisha kupona, kwa maana ya kunusurika, kabla mwanamume hajabisha hodi.

Bondeni pana nyenzo zake za kusimulia jambo hili. Wamisionari Wamoravian na wa Berlin walifika kaskazini mwa ziwa mwaka 1891, na mojawapo ya vituo vya Wamoravian kilikuwa Ipyana. Kwa Kinyakyusa ipyana ni neema. Watoto huitwa Ipyana, Lugano, yaani upendo, na Lusajo, yaani baraka. Jina la ukoo linaloanza na Mwa- hutaja upande wa baba. Mtoto aliyezaliwa nyumbani huweza kubeba lile la babu mzaa mama. Babu anapomwita mjukuu huyo Lusajo mbele ya jirani walioona zizi halikuongezeka ng'ombe, amejibu swali la ng'ombe kwa neno moja. Hapo mama hajaolewa, na huenda asiolewe. Lakini nyumbani pamerudi kuwa nyumbani.

Riwaya itakayoandikwa kutoka hapo haitamhitaji farasi.