Kicheko cha Kungoja: Karamu ya Miss Sophie na Mkesha wa Mwaka Mpya



Kila tarehe 31 Desemba, mamilioni ya watu nchini Ujerumani huwasha televisheni kutazama kichekesho cha dakika 18 walichokitazama mwaka jana, mwaka juzi na tangu utotoni. Kinaitwa Dinner for One. Picha zake ni nyeusi na nyeupe, waigizaji ni wawili tu, nao huzungumza Kiingereza mwanzo hadi mwisho. Mtangazaji Heinz Piper hutangulia kueleza kisa kwa Kijerumani, basi. Jioni ya leo nakuja na hoja moja. Kuna kicheko cha kushtukizwa na kuna kicheko cha kungoja, na hiki cha pili sisi tunaofundisha sanaa za maonyesho tumekidharau mno.

Kisa chenyewe ni chepesi. Miss Sophie anatimiza miaka 90. Meza imeandaliwa kwa watu watano, lakini wageni wake wanne, yaani Sir Toby, Admiral von Schneider, Mr Pommeroy na Mr Winterbottom, walishafariki zamani. Mtumishi wake James, naye mtu mzima, anawahudumia kana kwamba wamekaa pale. Kila chakula kinapofika huuliza kama utaratibu uwe ule wa mwaka uliopita, naye bibi hujibu kwamba uwe ule wa miaka yote. Supu inakuja na sheri, samaki na mvinyo mweupe, kuku na shampeni, matunda na mvinyo mtamu wa Ureno. Kila mara James hana budi kunywa kwa niaba ya marehemu wote wanne, akibadili sauti na mwenendo kwa kila mmoja; kwa admirali hugonganisha visigino kijeshi hadi aumie. Kwa hesabu ya chini kabisa ni bilauri 16.

Naomba tukae kidogo na ngozi ya chui milia. Imetandikwa sakafuni kati ya meza na kabati la vinywaji, kichwa chake kimeinuka. James akienda anajikwaa, akirudi anajikwaa. Tukishazoea, safari moja anapita salama. Anasimama, anageuka, anakitazama kile kichwa kwa mshangao, na ukumbi unaangua kicheko kuliko alipojikwaa. Mwigizaji Freddie Frinton ametujengea mazoea kwa subira, kisha akatuchekesha kwa kutofanya lolote. Baadaye, miguu ikiwa haimtii tena, anakiruka. Mtazamaji wa Hamburg anayajua haya yote kabla hayajatokea, na ndiyo sababu anacheka mapema, James akiwa bado yuko mezani. Nadharia inayosema ucheshi hufa pindi siri inapofichuka haina la kumwambia mtazamaji huyu.

Igizo liliandikwa na Mwingereza Lauri Wylie katika miaka ya 1920. Frinton, mzaliwa wa Grimsby, alilicheza kwa miaka mingi katika kumbi za Uingereza, zikiwemo za miji ya pwani ambako wafanyakazi walikwenda kupumzika. Mwaka 1962 mtangazaji Peter Frankenfeld na mwongozaji Heinz Dunkhase wakamwona Blackpool. Mwaka uliofuata, yeye na May Warden, aliyeigiza Miss Sophie, wakarekodiwa na shirika la utangazaji la NDR katika ukumbi mmoja wa Hamburg, mbele ya hadhira. Vicheko mnavyovisikia ni vya watu waliokuwamo siku hiyo. Kuna mwanamke mmoja anayeshindwa kabisa kujizuia, na wapenzi wa kipindi hiki wanamsubiri yeye pia.

Frinton alifariki mwaka 1968. Kipindi kilipewa nafasi yake ya kudumu katika mkesha wa Mwaka Mpya mwaka 1972, kwa hiyo hakuiona sherehe aliyoianzisha. Jambo hili hunisikitisha kila nikilifikiria. Uingereza, nyumbani kwake, televisheni ilikuja kukirusha mwaka 2018 tu, kupitia Sky Arts. Wanorwe hukitazama tarehe 23 Desemba. Mwaka 1999 lilitolewa toleo lililotiwa rangi, lakini watu wameendelea kulipenda lile la nyeusi na nyeupe.

Wapo wanaosema huu ni uvivu wa vituo, kwamba marudio ni rahisi kuliko kutengeneza kipya. Sikubali. Televisheni hurudia vipindi mwaka mzima bila yeyote kuvikusanyia familia. Hiki kimeshika kwa sababu kinafanana na usiku wenyewe. Mkesha wa mwaka ni usiku wa kurudia: chakula kile kile, watu wale wale, na mara nyingi mtu mmoja aliyekuwapo mwaka jana hayupo. Miss Sophie hataki kuketi bila wenzake, na James anakubali kuumia ili bibi asiketi peke yake. Chini ya ulevi ule kuna utii na upendo mkubwa, na sidhani kichekesho kisicho na huzuni hii kingedumu miaka hamsini.

Lakini hata kisa bora hakijirushi chenyewe. Lazima pawe na mtu anayetunza mkanda na mwingine anayeamua saa. Waingereza wana mfano wao: igizo la wachekeshaji Morecambe na Wise pamoja na mwongoza okestra André Previn, lililorushwa na BBC Krismasi ya 1971, bado linaoneshwa na bado linachekesha. Ila BBC hiyo hiyo, katika miaka ya 1960 na 1970, ilifuta mikanda mingi ili irekodie vipindi vingine, kwa kuwa mikanda ilikuwa ghali. Sehemu kubwa ya kazi ya wachekeshaji Peter Cook na Dudley Moore katika kipindi chao Not Only... But Also ilipotea hivyo. NDR waliutunza mkanda wao wa 1963, na 1972 ilipofika walikuwa na kitu cha kurusha.