Mashamba ya Adui: Utawala wa Kiraia wa Wakati wa Vita, Ngorongoro na Karatu

Machi 1916 majeshi ya Uingereza chini ya Jenerali Smuts yaliingia Moshi na Arusha, katika Afrika Mashariki ya Kijerumani. Wajerumani walirudi nyuma kuelekea reli ya kati, wakaacha nchi isiyo na hakimu wala mkusanya kodi wa Kijerumani. Vita vingali vinaendelea, London ilimteua Horace Byatt kuongoza utawala wa kiraia, makao yake Wilhelmstal, yaani Lushoto ya leo.

Kisheria Byatt alikuwa mwangalizi tu. Mkataba wa Hague wa 1907 unamtaka aliyeiteka nchi aheshimu sheria alizozikuta, isipokuwa pale anapozuiwa kabisa. Kwa hiyo maakida na majumbe walibaki kazini, na kodi ya kibanda ikaendelea kulipwa.

Uangalizi huo uliishia kwenye ardhi. Ndani ya kreta ya Ngorongoro, kwenye malisho ya Wamaasai, ndugu wawili Adolf na Friedrich Wilhelm Siedentopf walikuwa wamejenga mashamba ya mifugo. Vita viliwaondoa. Mali za Wajerumani ziliwekwa chini ya Msimamizi wa Mali za Adui, na Mkataba wa Versailles wa 1919 ukaruhusu ziuzwe. Shamba la kreta likaishia kwa Sir Charles Ross, Mskochi ambaye bunduki aliyoibuni ilibebwa na askari wa Kanada mwanzoni mwa vita hivyo hivyo. Mlowezi alimrithi mlowezi. Hapa ndipo ilipo hoja ya mada hii: serikali iliyojiita ya muda iliihesabu ardhi kuwa mali ya adui, wakati ilipaswa kwanza kuuliza adui aliipata kwa nani.

Karatu, jirani na kreta, iliyaona hayo mara ya pili. Baada ya 1925 Wajerumani waliruhusiwa kurudi, na wengi wakalima kahawa Oldeani, jirani na Wairaqw. Vita vya 1939 vilipoanza walikamatwa, na mashamba yao yakarudi kwa msimamizi wa mali za adui.

Uzoefu wa Tanganyika, kama nchi hiyo ilivyoitwa baada ya vita vya kwanza, ulisafiri mbali. Philip Mitchell, aliyejiunga na utawala wake mwaka 1919 na baadaye kuwa Katibu wa Mambo ya Wenyeji, ndiye aliyekabidhiwa mwaka 1941 utawala wa maeneo yaliyotekwa kutoka kwa Waitalia: Eritrea, Somalia na Ethiopia. Lord Rennell, aliyefanya kazi chini yake, alikwenda kuongoza utawala wa Washirika kule Sicily mwaka 1943.

Nyumbani, swali la ardhi lilibaki vile vile. Mwaka 1946 Jaji Mark Wilson alipewa kazi ya kuchunguza mashamba ya Arusha na Moshi, yakiwemo yaliyokuwa ya Wajerumani. Alipendekeza maeneo ya walowezi na ya wenyeji yatenganishwe. Kwa mpango huo Wameru waliondolewa Engare Nanyuki kwa nguvu mwaka 1951, nyumba zao zikachomwa. Mwaka uliofuata Kirilo Japhet, msemaji wao, aliyafikisha malalamiko yao mbele ya Umoja wa Mataifa, New York.