KAZI BADALA YA FAINI
Maneno ya Katibu kwa Wanaushirika

Maneno haya tuliyasema mkutanoni. Tumeyaandika hapa ili waliokuwa shambani nao wayapate. Asiyejua kusoma asomewe na mwenzake wa kisomo.

Kwanza jambo la mbuzi. Waliingia bustani ya ushirika wakala mchicha, matuta manne. Kijana mwenye mbuzi anajulikana, wala hakukana. Wengine mkasema atozwe faini palepale, wengine mkasema ofisi imchimbishe mtaro mpaka masika. Hebu tusikilizane, ndugu. Ofisi hii si mahakama. Katibu hana madaraka ya kumhukumu mtu faini wala kazi. Tukianza leo na mwenye mbuzi, kesho atachimbishwa mtu kwa kuwa tu hapatani na kiongozi. Hilo tunalikataa kabisa.

Lakini waliosema kazi ni bora kuliko faini hawakusema upuuzi. Mwaka 2002 Bunge letu lilipitisha Sheria ya Huduma kwa Jamii, namba 6. Mtu akitiwa hatiani kwa kosa ambalo kifungo chake hakizidi miaka 3, mahakama yaweza kumwamuru afanye kazi ya umma bila malipo, huku analala kwake. Kabla ya hapo ofisa humchunguza: anaishi wapi, nani wanamtegemea, majirani wanamsemaje. Akitoroka kazi anarudishwa mahakamani. Kwa hiyo msidhani ni msamaha! Wenzetu wa Zimbabwe walitangulia miaka ya 1990, na Kenya wakatunga sheria yao 1998.

Tazameni hesabu. Faini ileile kwa mwenye duka ni mauzo ya siku moja. Kwa mama muuza maandazi ni mtaji wote, unga na mafuta humohumo. Akiikosa, safari ya Segerea. Kijana naye Keko. Huko analishwa kwa kodi yetu, na watoto aliowaacha nani atawalisha? Si ni sisi sisi majirani? Na mtaro wa zahanati bado umeziba.

Basi tumekubaliana hivi. Mwenye mbuzi na kamati ya bustani wakae wazungumze. Akitaka mwenyewe kupanda upya yale matuta, hayo ni mapatano, si hukumu, na yaandikwe karatasini pande zote zitie sahihi. Wasipoelewana, ushirika upeleke madai Mahakama ya Mwanzo, bila ngumi wala kushika mbuzi wa mtu.

Na siku mahakama ikimleta mtu kufanya kazi zahanati au shuleni kwetu, apewe jembe, apewe na maji ya kunywa. Watoto wasimwimbie. Ameshahukumiwa, hatumhukumu mara ya pili.

Kikao ni Jumamosi saa 2 asubuhi, ofisini. Kamati yote ifike. Mbuzi wafungwe.