Kunuka na Kunukia: Harufu Kama Kazi ya Sanaa

(Hotuba iliyosomwa mbele ya waumini na majirani katika maadhimisho ya hekalu letu, Rwamishenye)



Kamati ilinipa mada ya sanaa, nami nikaomba ruhusa ya kuizungumzia sanaa moja tu, ile isiyohitaji macho wala masikio. Mimi si mwalimu wa sanaa. Elimu yangu ni ya sekondari, na sehemu kubwa ya maisha yangu imepita nyuma ya kaunta, nikipima iliki, mdalasini na manjano. Hata hivyo, muuza viungo hununua kwa pua kabla hajanunua kwa fedha, na hilo ndilo lililonipa ujasiri wa kusimama mbele yenu.

Nianze na lugha yetu. Kiswahili husema kitu kibaya hunuka, na kizuri hunukia. Baina ya lawama na sifa ipo irabu moja tu. Walimu wetu walitufundisha kauli ya kutendea: kupika huwa kupikia, kuleta huwa kuletea, kununua huwa kununulia. Tendo ni lilelile, ila sasa yupo mtu anayelengwa. Sidai kuwa mwanaisimu, lakini kwa muda mrefu nimeliwaza neno hili hivi: kunukia ni kunuka kwa ajili ya mwingine.

Chukueni mfano wa mvuje, ambao sisi Wagujarati twauita hing. Ukifungua kopo lake dukani, wateja hurudi nyuma hatua mbili. Lakini tia chembe yake katika samli ya moto, kisha umimine juu ya dengu, na mpita njia atauliza mnapika nini. Au chukueni vanila inayolimwa hapa Kagera. Ganda lake bichi halina harufu yoyote ya kusifiwa. Hunukia baada ya kuchemshwa, kufunikwa litoe jasho na kukaushwa kwa subira ya miezi. Harufu nzuri ni kazi ya mikono, na palipo na kazi ya mikono iliyokusudiwa kugusa moyo wa mwingine, sanaa ipo.

Ndani ya hekalu letu jambo hili si geni. Ibada ya kila siku ina matoleo matano: gandha, ambayo ni sandali iliyosagwa, kisha maua, ubani, taa na chakula. Hesabuni wenyewe: matatu ya mwanzo huja kwa njia ya pua. Wanafalsafa wa kale wa India, wale wa shule ya Vaisheshika, walifundisha kwamba harufu ni sifa ya pekee ya ardhi, kama rangi ilivyo kwa moto. Na katika mji wa Kannauj, kaskazini mwa India, mafundi hadi leo huchoma vigae vya udongo, wakavitia majini na kuvichemsha, na mvuke wake wakaunasa katika mafuta ya sandali. Kinachopatikana ni marashi yenye harufu ya mvua ya kwanza juu ya nchi kavu. Sisi tunaoishi kando ya Ziwa Victoria, ambako mvua haitusahau, twaijua harufu hiyo bila kuinunua. Ndugu zetu wa Pwani nao wana udi, vikuba vya asumini na marashi yao, na bibi harusi wa Zanzibar hafukizwi ovyo ovyo. Ipo mikono inayojua kiasi na wakati.

Basi, wasanii wa zama hizi wamefanya nini na harufu? Mwaka 1938, mjini Paris, kundi la wasanii na washairi lilifungua maonyesho makubwa katika jumba la Galerie Beaux-Arts. Marcel Duchamp alining'iniza magunia ya makaa darini, yakisemwa kufika 1,200, na mshairi Benjamin Péret akaweka mashine ya kukaanga kahawa ili ukumbi mzima ujae harufu waliyoiita ya Brazili. Watu wa Bukoba hawahitaji kusimuliwa zaidi. Nchi hii humpokea mgeni kwa kahawa ya kutafuna, iliyochemshwa pamoja na majani yenye harufu nzuri, na mgeni huinusa mkononi kabla haijafika mdomoni. Yaliyowashangaza wageni wa Paris, mabibi wa Kihaya walikuwa wakiyafanya vibarazani mwao, kwa heshima zote, bila tiketi.

Lakini kazi ninayotaka kuikalia kwa kitambo imetoka karibu zaidi. Zarina Bhimji alizaliwa mwaka 1963 huko Mbarara, Uganda, ng'ambo ya mpaka wetu wa Mutukula, katika familia yenye asili ya Kihindi. Mwaka 1972 Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 kuondoka nchini. Sisi wa Kagera tuliuonja utawala huohuo kwa namna yetu, mwaka 1978, majeshi yake yalipovuka mpaka. Binti huyu alifika Uingereza mwaka 1974 na akawa msanii. Mwaka 2007 alikuwa miongoni mwa wanne walioteuliwa kuwania tuzo ya Turner, ambayo ni tuzo kubwa ya sanaa nchini humo.

Mwaka 1987 alitengeneza kazi iitwayo She Loved to Breathe – Pure Silence, yaani, kwa tafsiri yangu, Alipenda Kupumua: Ukimya Mtupu. Alizibana picha baina ya vioo vya plastiki, akavining'iniza kutoka darini, na chini yake, sakafuni, akatandaza viungo: manjano na pilipili ya unga. Naitaja maana yake kwa staha, kwa kuwa wapo watoto. Katika miaka ya 1970 baadhi ya wanawake kutoka Bara Hindi waliofika Uingereza ili kuolewa walifanyiwa na maofisa uchunguzi wa mwili wa kuwadhalilisha, eti kuthibitisha kwamba ni wanawali. Mwaka 1979 jambo hilo lilifichuliwa magazetini, likapigwa marufuku. Bhimji alikuwa akiwasemea wanawake hao ambao hakuna aliyewauliza.

Kwa nini aliongeza viungo? Picha peke yake haikutosha? Jibu nilipatalo mimi ni hili. Picha unaweza kuifumbia macho, na hotuba unaweza kuizibia masikio, kama baadhi yenu huenda mnavyofanya sasa. Pumzi huwezi kuizuia zaidi ya dakika moja au mbili. Tena wataalamu wa ubongo wanatueleza kwamba njia ya fahamu itokayo puani huingia moja kwa moja katika sehemu zinazoshughulika na hisia na kumbukumbu, bila kupitia kwanza kituo ambacho habari za macho na masikio hukipitia. Harufu hufika moyoni kabla akili haijapata nafasi ya kujitetea. Na manjano hayo ndiyo yaleyale yaliyowafanya wahamiaji wetu watukanwe mitaani na shuleni kwamba wananuka. Msanii aliichukua harufu ya tusi akaitandaza sakafuni pa ukumbi wa heshima, mtu asiweze kuwatazama wanawake wale bila kuivuta. Kilichonuka, akakifanya kinukie.

Wengine wamefuata njia hiyo. Ernesto Neto wa Brazili hujaza manjano, karafuu na pilipili katika mifuko mirefu ya kitambaa laini kinachovutika, akaining'iniza kama matone makubwa. Alifanya hivyo katika maonyesho ya Venice, Italia, mwaka 2001. Lakini kazi za aina hii zina udhaifu wake. Manjano hupoa na karafuu huchoka, kwa hiyo jumba la makumbusho halina budi kutandaza viungo upya. Nadhani hilo ni funzo pia. Kazi ya harufu haiwezi kuwekwa kabatini ikangoja wajukuu. Lazima awepo mtu wa kuihuisha, kama pujari wetu anavyowasha ubani kila alfajiri.

Sasa nirudi Rwamishenye, maana sikuja kuwasimulia ya Ulaya tu. Harufu imetumika hapa petu pia kuwatenga watu. Wapo watoto wetu walioambiwa shuleni kwamba nguo zao zanuka bizari. Na upande wa pili, nimeshuhudia chumba kikinyimwa mpangaji, mtu mwema mwenye kodi yake mkononi, kwa sababu anapika dagaa, na msimu ukifika anakaanga senene. Hakuna aliyetamka kabila wala dini. Pua ilitumwa kusema yale ambayo kinywa kiliona haya kuyasema.

Nafahamu ugumu wake. Kutoua na kutokula kiumbe hai ni imani yetu, wala si dharau kwa jirani, na kuna vitu ambavyo kwa utaratibu wa hekalu haviwezi kupita lango hili. Siombi utaratibu huo ubadilishwe. Lakini kutokula chakula cha jirani ni jambo moja, na kumkunjia uso jirani ni jambo jingine. Ubani wetu haujawahi kuomba ruhusa ya kuvuka uzio, na majirani wameuvumilia, wengine wameupenda, miaka hii yote. Moshi wa jiko lao nao unastahili ukarimu uleule.

Kwa hiyo naleta pendekezo mbele ya kamati. Katika maonyesho ya maadhimisho haya tumepanga picha za zamani, na ni vema. Naomba iongezwe meza ya harufu. Viwekwe vikombe vilivyofunikwa kwa kitambaa chepesi, bila majina: sandali, mvuje, iliki, vanila ya Kagera, kahawa iliyochemshwa kwa majani, udongo wa shamba la migomba uliolowana, samli ya taa. Mtu anuse kwanza, ndipo aelezwe ni nini na kimeletwa na nani. Vijana wavikusanye nyumba kwa nyumba, kwetu na kwa majirani. Na kwa ajili ya vile visivyoweza kuingia hekaluni, meza ya pili iwekwe nje ya lango, barabarani, pawe na senene wa jirani yetu, na mmoja wetu akae hapo awakaribishe watu. Mimi mwenyewe nitakaa meza hiyo ya nje kwa saa zote za maonyesho.

Gharama zake ni ndogo. Viungo nitavitoa dukani kwangu. Kinachohitajika ni idhini ya kamati, na majirani wawili watatu watakaokubali kutuletea vikombe vyao. Wanaopenda waniandikishe majina yao leo, kabla ya prasad kugawanywa.