Aksolotli Akigoma Kula

Msikilizaji, kama unafuga aksolotli na amegoma kula, usikimbilie kubadilisha chakula. Anza na maji. Asili yake ni mifereji ya Xochimilco, jijini Mexico, zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na mwili wake umezoea baridi. Tumbukiza kipimajoto: nyuzi 16 hadi 18 za Selsiasi zinamfaa; zikipita 24, maisha yake yamo hatarini. Tazama pia matamvua, vile vishada vinavyochanua nyuma ya kichwa. Vikijikunja kwenda mbele, ujue kuna kinachomsumbua.

Kisha pima amonia na naitraiti. Vyote visomeke sifuri. Vikionekana, badilisha sehemu ya maji, si yote kwa mpigo, na maji ya bomba yaondolewe klorini kwanza.

Kokoto za pambo ziondoe leo, tafadhali. Aksolotli hatafuni, hufungua kinywa ghafla na kuvuta maji pamoja na chochote kilicho mbele yake. Kokoto aliyoimeza inaweza kuziba utumbo, naye hatakula tena.

Maji yakiwa sawa, mpe nyungunyungu aliyeoshwa, umtikise polepole karibu na pua yake, jioni, taa zikiwa zimefifia. Asipogusa, ondoa chakula kabla hakijaoza. Aksolotli mkubwa akiruka siku mbili tatu, usihangaike. Lakini akielea akashindwa kuzama, akivimba tumbo, au akiota utando mweupe kama pamba, mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyohiyo.