Majigambo Yalipokuwa Deni

Wasikilizaji wa Ilomba na kwingineko jijini Mbeya wanazijua tambo. Mbeya City na Tanzania Prisons zikikaribia kukutana Uwanja wa Sokoine, vijiwe vya bodaboda huwaka moto kabla mpira haujaanza. Timu ikifungwa, aliyetamba husakwa kwa udi na uvumba. Ni haki kabisa: alitamka mbele za watu.

Waingereza wa kale walikuwa na neno la tambo za aina hiyo, "beot", ambalo leo limekufa. Chimbuko lake ni kuahidi. Askari aliketi ukumbini na bwana wake, pombe ya asali mkononi, akatangaza atakachokitenda vitani. Papo hapo alijisifu na kujitia deni. Mwaka 991 Waviking waliwashinda Waingereza huko Maldon, na kiongozi wa Waingereza, Byrhtnoth, akauawa. Baadhi ya watu wake wakatimua mbio. Shairi la kale la vita hivyo linamwonyesha mpiganaji wake mmoja, Ælfwine, akiwakumbusha waliobaki yale waliyojitapia mabenchini wakinywa: sasa ndipo atajulikana jasiri ni nani. Hapo ndipo uzito wa neno hilo unapoonekana.

Huku kwetu, ndani ya kujigamba kimo kitenzi cha kale cha Kibantu, kugamba, yaani kusema. Waganda na Wahaya wanakitumia mpaka leo, na "kuamba" ya Kiswahili ni ndugu yake. Anayejigamba anajisema mwenyewe. Kule Kagera kujisema huko kulikomaa kuwa sanaa, kivugo: shujaa alisimama mbele ya mtawala na kughani matendo yake kwa kinywa chake. Wataalamu wa fasihi simulizi wanaihesabu kuwa ushairi kamili, na wanastahili kuungwa mkono.

Kwa tambo zilizogeuka deni, Nyanda za Juu Kusini zina Mkwawa, mtawala wa Wahehe. Jina lake refu, Mkwavinyika, hufasiriwa kuwa mshindi wa nchi nyingi, na jina kama hilo humdai mwenyewe kila siku. Tarehe 17 Agosti 1891, huko Lugalo, Wahehe walikiangamiza kikosi cha Wajerumani kilichoongozwa na Emil von Zelewski, naye akafa palepale. Wajerumani walirudi, wakaiteka ngome ya Kalenga mwaka 1894. Mkwawa aliwaponyoka, akaendelea kupigana akiwindwa porini hadi Julai 1898, alipojiua badala ya kukamatwa.