Wazee Wetu, Msiache Vidonge vya Presha

(Neno la afya lililotolewa kwa wazee katika semina ya sherehe za kumbukumbu)



Nimepewa dakika chache. Nataka kusema habari ya zile chupa zinazozunguka kwenye mikutano yetu: vidonge na poda za mlonge, za mbegu za zabibu, za chai ya kijani, za kakao. Anayeuza anasema zina antioksidanti, zinasafisha mishipa, zinaponya moyo. Mzee ananunua kwa pesa aliyotumiwa na watoto, halafu anaacha vidonge vyake vya presha. Hapo ndipo hatari ilipo, wapendwa.

Antioksidanti zipo kweli. Ukipaka ndimu kwenye parachichi lililokatwa, halifanyi weusi upesi. Kazi yake ndiyo hiyo. Lakini je, ukizitoa kwenye mmea ukazitia kwenye kidonge, zinalinda moyo wa mzee? Watafiti wamepima.

Kule Finland wavuta sigara zaidi ya 29,000 walipimwa, na baadhi yao walipewa betakarotini, ile rangi ya karoti. Mwaka 1994 majibu yakatoka: waliomeza walipata saratani ya mapafu zaidi kuliko wasiomeza! Mwaka 2000, utafiti wa watu zaidi ya 9,000 wenye umri wa miaka 55 na kuendelea ulionyesha kwamba vitamini E haikupunguza shambulio la moyo wala kiharusi. Mwaka 2022, Marekani, wazee zaidi ya 21,000 walipimwa kwa vidonge vya kakao. Vifo vya moyo na mishipa vilipungua, lakini jumla ya matatizo ya moyo haikupungua kiasi cha kuthibitisha kwamba kidonge ndicho kilichosaidia. Kuna tumaini, ila bado si dawa. Na hakuna aliyeambiwa aache dawa zake.

Mtu atasema, mimi nina imani. Amina! Isaya alikuwa na neno la Bwana kwamba Hezekia atapona, na bado akaagiza tini zibandikwe kwenye jipu. Maombi na dawa havigombani.

Basi tufanye nini? Kwanza, kula mmea wenyewe. Mchicha, ambao Wakenya wanauita terere, Waganda dodo, na ndugu wa Kongo na Burundi lengalenga, uko shambani kwako. Punguza chumvi: Shirika la Afya Duniani linasema isizidi gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai, na hiyo ni ya vyakula vyote.

Pili, kama unatumia virutubisho, beba chupa umwonyeshe daktari. Vidonge vya kitunguu saumu vikikutana na dawa ya kuzuia damu kuganda, vinaweza kuleta kutokwa na damu. Hata balungi hugongana na baadhi ya dawa za presha na za kolesteroli.

Tatu, ndugu unayeuza, biashara si dhambi, lakini usiiite ushuhuda. Na usimwambie mama wa watu atupe dawa zake.

Presha mara nyingi haiumi. Mtu anajiona mzima, anaacha kidonge, na kiharusi hakipigi hodi. Wazee, bado tunawahitaji. Pimeni, mezeni, ombeni.

Bwana awape maisha marefu. Amina.